Kisima cha Kuangalia

"Mvua ya wiki iliyopita ilijaza ndoo na kilima hakikutikisika. Ya leo haijajaza hata kikombe na zizi limeenda. Kwa nini?"

Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza hivyo asubuhi moja, tukiwa tumesimama mbele ya kile kilichobaki cha zizi la mbuzi: nguzo mbili, kipande cha wavu, na tope jeusi lililokuwa bado linasogea polepole kama uji unaomwagika mezani. Mbuzi walikuwa salama. Yeye ndiye aliyeamuru watolewe jana yake, na watu wakamcheka, kwa sababu mvua yenyewe ilikuwa ya manyunyu tu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwezi uliotangulia. Cheti changu cha jiografia kilikuwa bado ndani ya bahasha. Nilitazama tope, nikatazama kilima, nikasema, "Inategemea."

"Inategemea," akarudia. Akawageukia wanawake waliokuwa wamekuja kutazama. "Mmesikia? Miaka minne ya chuo. Ametuletea 'inategemea'."

Walicheka sana. Kuanzia siku hiyo akaniita Digrii, na mimi nikamchukia kwa muda wa mwaka mmoja hivi, chuki ya mtu aliyeulizwa swali zuri akakosa jibu.

Sisi wengine tulimwita Mzee wa Kamba. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuchimba visima kwa mkono, na alikuwa amechimba huku na huku Kajiado kabla mashine za kutoboa ardhi hazijaja kumstaafisha. Mashine hizo alizichukia kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Likipita barabarani lori lenye mtambo wa kuchimbia alikuwa akiligeuzia mgongo mpaka limalize kupita. "Hiyo inatoboa," alikuwa akisema. "Haichimbi. Inatoboa kama funza. Haijui imepita wapi."

Kabla sijaendelea, lazima nieleze kuhusu kilima, maana mtu akisikia maporomoko Kitengela atadhani nimechanganya ramani. Hata sisi tulikuwa tukifanya utani: hapa baiskeli haiteremki hata ukiisukuma. Lakini nyuma ya mtaa wetu wa Noonkopir kuna mahali palipochimbwa mawe ya kujengea kwa miaka mingi, na kila lililokuwa si jiwe lilitupwa upande mmoja: udongo mweusi, kokoto, vumbi, mabaki. Rundo likawa refu, likaota nyasi, mbuzi wakapanda, watoto wakazaliwa wakilikuta. Likaitwa Kilima. Chini yake mwenye ploti mmoja akajenga vyumba vya kupangisha, mstari mmoja mrefu wa mabati, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyetaka kiwanja kile. Yeye mwenyewe haishi huko.

Katika chumba cha tatu aliishi Mama Soila, muuza maziwa, pamoja na mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Koko, kama Wamaasai wanavyomwita bibi. Nyumbani kwetu palikuwa upande wa pili wa barabara, penye tambarare. Niandike hilo mapema. Mimi sikuwahi kulala chini ya kilima hata siku moja.

Njia ya Mzee wa Kamba ya kufanya kazi ilikuwa hii. Katikati ya kilima alichimba kisima chembamba, akakijengea mdomo wa mawe, akakifunika kwa mfuniko wa bati wenye kufuli. Kila asubuhi alipanda na kamba ya katani iliyofungwa mafundo, fundo moja kila urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi kidole, na jiwe mwishoni. Alivua kofia, akainama kuchungulia ndani, akashusha jiwe taratibu mpaka lilipogusa chini, kisha akaivuta kamba akihesabu mafundo makavu. Mafundo kumi na mawili makavu maana yake maji yako chini kabisa, laleni. Yakifika manane, alianza kuzungumza na watu wa chini kwa adabu, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya. Yakifika matano, fungasheni.

Hakusalimia mtu yeyote kabla ya kupima. Mama Soila angepita na madumu yake ya maziwa, akasema, "Sopa, Mzee," naye angepita kama gogo. Akishuka ndipo angemfuata hadi mlangoni, "Ipa. Nilikusikia. Nilikuwa niko na kazi."

Niliwahi kumwambia kwamba salamu haiharibu kipimo.

"Wewe ukihesabu kitu mtu akikusalimia, unaendelea na hesabu ama unaanza tena?"

"Naanza tena."

"Mimi siwezi kuanza tena. Kamba imeshalowa."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake. Ungekwenda kumkosoa kwa jambo la kijinga, ukakuta chini ya ujinga kuna sababu, na hakukueleza sababu hiyo mpaka umwonyeshe kwamba umeudhika. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Nimeuliza maswali kanisani mpaka mama yangu akabadilisha benchi. Lakini yeye alikuwa mtu wa kwanza kunifanya niogope kuuliza, kwa kuwa jibu lake huja na mjeledi.

Mtaani kulikuwa na kipimo kingine, kipimo rasmi. Naibu wa chifu na kamati yake walikata chupa ya plastiki, wakaichimbia uani kwa katekista, wakachora mstari kwa rangi nyekundu ya kucha. Mvua ikijaza chupa mpaka kwenye mstari, naibu wa chifu alipuliza firimbi, na watu wa vyumbani walitakiwa kukimbilia kanisani. Mvua kubwa ya kwanza baada ya ukame ilijaza chupa kwa saa moja. Firimbi ikapigwa, watu wakakimbia na magodoro kichwani, kilima kikakaa kimya kama ng'ombe aliyelala. Wiki ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, firimbi ikalia na hakuna mtu aliyetoka isipokuwa Koko, aliyetoka kumwambia naibu wa chifu kwamba anaamsha mbuzi bure.

Mzee wa Kamba alimwita naibu wa chifu Bwana Firimbi, na alimwita hivyo mbele yake.

"Bwana Firimbi, hiyo chupa inakuambia nini?"

"Inaniambia mvua imenyesha kiasi gani, Mzee."

"Hata mimi niko na kichwa kimelowa, kinaniambia hiyo. Nani anakuambia udongo ulikuwa umekula nini kabla?"

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lake la zizini, mwaka mzima baadaye, na sikulipata chuoni. Alilieleza kwa lugha ya sufuria. Mtu mwenye njaa, alisema, mpakulie sufuria nzima ya githeri, atamaliza na ataomba maji ya kuteremshia. Mtu aliyeshiba mpaka koo, mwongeze kijiko kimoja tu. Atatapika. "Sasa nyinyi mnapima kijiko. Mnapima sufuria. Hakuna mtu anashika tumbo." Kisima chake kilikuwa mkono juu ya tumbo. Udongo mkavu uliopasuka nyufa hunywa mvua kubwa bila shida. Udongo uliokunywa wiki tatu mfululizo, maji yamepanda ndani yake mpaka yanasukuma chembe zisishikane, unaweza kushushwa na manyunyu. Alijua hayo kwa sababu alitumia maisha yake ndani ya mashimo, na kuta za shimo humwambia mtu mambo ambayo kitabu huyaambia mtihani tu.

Kulikuwa na mambo yake mengine ambayo sikuweza kuyaweka pamoja. Kanisani alikuwa wa kwanza kuomba mvua, kwa sauti, mikono juu, mpaka watoto wakaogopa. Kisha mvua ikija alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

"Mzee, si wewe ulikuwa unaomba?"

"Niliomba mvua. Sikuomba kilima."

Alikuwa mchoyo wa chai. Aliinywa kwenye kifuniko cha thamosi akikuangalia usoni na asikukaribishe. Lakini mwavuli wake ulizunguka mtaa mzima na hakuwahi kuuliza uko wapi. Alikasirika mtu akimwita mganga kwa sababu ya kamba, akamfuata mtu huyo hadi nyumbani kumweleza tofauti, na njiani akiona bundi angebadilisha njia.

Na utata mkubwa kuliko yote ulikuwa kufuli. Huyu ni mtu aliyetoa maji maisha yake yote. Kwenye kisima cha uani kwake hakuna aliyefukuzwa. Hata punda wa wachuuzi wa maji walikunywa. Lakini kisima cha kilimani alikipiga kufuli, na katika nchi yetu ya mabomba yanayokohoa mara moja kwa wiki, kisima chenye maji ambacho huruhusiwi kuchota ni tusi. Wanawake walimwimbia.

"Mzee ako na kisima ya kuangalia! Kama TV!"

"Mzee, leo iko na kipindi gani?"

"Siku mtakichota," alikuwa akijibu, "ndio siku mtakuwa mmenitoboa macho." Kisha akaenda zake, na wao wakacheka zaidi, kwa sababu alipokasirika alitembea kama bata.

Mwaka wa pili alinipa ufunguo wa ziada. Sikuuomba. Aliuvuta mfukoni kwenye kitambaa, akanipa mbele ya mama yangu.

"Mimi ni mzee. Mgongo huu siku moja utakataa kupanda. Wewe unauliza maswali mengi. Mtu anauliza maswali mengi anauliza kabla ya kufungua."

Nilifurahi kuliko nilivyotaka ajue. Nilianza kupanda naye asubuhi, nikaandika mafundo kwenye simu, nikachora mstari wa maji na mstari wa chupa, nikaona kwa macho yangu jinsi chupa ilivyopiga kelele siku salama na kunyamaza siku mbaya. Zizi lilikuwa kwenye mchoro, kwa hesabu ambayo Mzee aliikumbuka. Ufa wa choo cha vyumbani ulikuwa kwenye mchoro. Kila mara kisima kilikuwa kimejua. Hata Bwana Firimbi akaanza kumpigia Mzee simu kabla ya kuweka firimbi mdomoni. Kwa msimu mmoja mzima tulikuwa mtaa wenye akili.

Kisha zikaja zile mvua ndefu ambazo hazikukatika.

Asubuhi ya Jumatano kamba ilitoka na mafundo manne makavu. Sikuwahi kuona manne. Mzee hakushuka kwa miguu yake ya bata. Alishuka akikimbia, akigonga kila mlango kwa jiwe la kamba, na watu wakatoka. Wote. Hakuna aliyebisha. Koko alibebwa na kiti chake. Kufikia saa nne vyumba vilikuwa vitupu na watu wapatao sitini walikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa, na mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kusimamia jiko.

Alhamisi mvua ikawa manyunyu, kisha ikakoma. Na hapo ndipo maji yalipotuishia. Mafuriko yalikuwa yamebeba bomba la mtaa. Barabara ya udongo mweusi ilimeza magurudumu ya mikokoteni ya punda, kwa hiyo hakuna mchuuzi aliyefika. Kisima cha uani kwa Mzee na chetu nyumbani vilikuwa vimeingiwa na maji ya vyoo. Kanisa lilikuwa limechangisha mitaro ya paa kwa miaka mingi na bado halikuwa na mitaro. Watoto walikuwa wanalia, maharagwe yalikuwa yamekauka kwenye sufuria, na Mama Soila akanitazama.

"Digrii. Si uko na ufunguo?"

Nilisema hapana. Akasema, "Kuna watu sitini hapa na kisima kimejaa. Utawaambia nini? Waangalie?"

Niliwaza kwa muda ambao mtu hutumia kufunga kamba za viatu. Niliwaza: mvua imekoma. Niliwaza: kila mtu Noonkopir anajua kisima ukikichota jioni, asubuhi kimejaa, kisima chetu nyumbani hufanya hivyo tangu nizaliwe. Niliwaza pia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba Mzee alikuwa akipenda kufuli lake kupita kiasi. Yeye mwenyewe alikuwa amelala nyumbani, mgongo umemshika baada ya mbio za Jumatano. Angeweza kuulizwa. Nyumba yake ilikuwa dakika kumi. Sikwenda, kwa sababu nilijua angekataa na angenitukana.

Tulipanda wanawake wanane na mitungi. Tulicheka njiani. Mmoja alisema leo tunazima TV. Mama Soila alichota kuliko sote, ana mikono ya mtu wa maziwa. Alitaka Koko apate maji ya moto ya kukanda magoti, maana sakafu ya saruji ilikuwa imemkaza. Tuliendelea kwenda na kurudi mpaka ndoo ikatoa tope. Nikafunika. Nikafunga kufuli. Sisi tuliokimbizwa na kisima tukapikia maji yake, na nikumbuke kusema kwamba maharagwe yalikuwa matamu.

Ijumaa asubuhi Mzee alipanda akijikokota, mkono kiunoni. Nilikuwa nyuma yake. Jua lilikuwa limetoka, jua safi la baada ya mvua linalofanya mabati yaumize macho. Bwana Firimbi alikuwa chini akisubiri, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi na wenye harusi walitaka ukumbi. Mzee akavua kofia, akashusha jiwe akiwa amesimama, hakuinama kuchungulia kama ilivyokuwa desturi yake. Akavuta.

Kumi na moja.

Alihesabu tena kwa vidole. Kumi na moja. Nilimwona akitazama jua, akitazama paa za vyumba, na uso wake ukalegea. Nadhani alitaka iwe kweli. Nadhani alikuwa amechoka kuwa mtu anayetoa watu nyumbani kwao.

"Yameshuka," akasema. "Hii ni jua. Mungu ni mwema. Waambie warudi."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka hewa baridi kwenye meno. Kisha nikawaza matusi yake, na wanawake wale, na kwamba huenda kisima kilikuwa kimejaa usiku na kushuka tena chenyewe, na kwamba yeye ndiye fundi. Nikaufunga.

Watu wakarudi wakiimba. Mama Soila alimtoa Koko nje, akamweka kwenye kiti chini kabisa ya kilima, mahali jua lilipopiga vizuri, aote joto. Saa tisa mchana, hakuna wingu, kilima kikashuka. Hakikupiga kelele kama watu wanavyosema. Kilishuka kama mtu anayeketi. Kilifunika vyumba vitatu vilivyokuwa vitupu kwa sababu wenyewe walikuwa wakianika nguo barabarani, na kikamfunika Koko.

Naibu wa chifu alisema tushukuru ni mtu mmoja tu.

Barazani, wiki iliyofuata, nilisimama. Sikutumwa. Nilisema kwamba kwa heshima zote, hatuwezi kuyaweka maisha ya watu kwenye kamba ya mtu mmoja. Kwamba ujuzi usioandikwa si ujuzi. Kwamba macho ya mzee hayakaguliwi na mtu. Nilizungumza vizuri sana. Watu walipiga makofi, hata wanawake wa mitungi. Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua. Sikujua. Lakini pia sikutaka kujua, na hivyo viwili hukaa kitanda kimoja.

Mzee alikuwa ameketi mbele, kofia magotini. Bwana Firimbi alimpa nafasi ajitetee. Hakuinuka.

"Nilisoma vibaya," akasema.

Ndiyo yote. Chupa ikarudishwa uani kwa katekista, mstari ukachorwa upya kwa rangi ya kucha. Mwaka haukwisha kabla Mzee hajahamia Loitokitok kwa binti yake.

Mimi nikapata kazi. Ni kazi nzuri. Tunachomeka vijiti ardhini kwenye miteremko, vijiti vinavyopima unyevu wa udongo na maji yaliyo chini, na habari huja kwenye simu. Tunaijumlisha na utabiri wa mvua ndipo tunaamua kama watu wahame. Kwenye mikutano ya wananchi huwa nasimulia habari ya mtu mwenye njaa na mtu aliyeshiba. Watu hupenda sana mfano huo. Huniuliza nimeutoa wapi, nami huwa nasema ni wa kwetu.

Katika kazi hiyo, mwezi wa kwanza, fundi mmoja alituonyesha jinsi ya kutunza visima vya kupimia. Alisema jambo dogo, la kawaida, akila chapati. Kisima cha kokoto ukikichota hujaa usiku mmoja. Kisima cha udongo wa mfinyanzi, kama ule mweusi wa kwetu, ukikikausha huchukua siku nyingi kurudi, kwa sababu udongo huachia maji tone kwa tone. Na muda wote huo mlima unaokizunguka umejaa vilevile. Kisima kitakuambia mlima umekauka. Kitakudanganya kwa sababu umekiibia.

Nilitoka nje nikahesabu kwa vidole: Alhamisi hadi Ijumaa, usiku mmoja tu.

Ilinichukua miaka miwili zaidi kwenda Loitokitok. Nilipata kazi ya huko, vinginevyo pengine nisingekwenda. Nilimkuta kwenye shamba la nyanya la binti yake, ameketi kwenye ukingo wa mfereji, akifungua na kuziba maji kwa jembe. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa na ukungu, lakini alinitambua kwa sauti.

"Digrii. Bado inategemea?"

Nilicheka kwa kulazimika. Akaniuliza nafanya nini, nikamweleza vijiti. Akasikiliza kwa makini, akauliza vinachomekwa kina gani, vinasoma kila baada ya muda gani, mbuzi wanavila au hawavili.

"Kwa hivyo mnashika tumbo."

"Tunashika tumbo, Mzee."

"Sawa." Akaziba mfereji mmoja, akafungua mwingine. "Mmechelewa, lakini sawa."

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kuanzia Emali, yakaniponyoka yote. Nilisema tu, "Mzee, ile Alhamisi nilifungua kisima."

Hakusimamisha jembe. "Unafikiri sikujua? Jioni ile kilima kimeshuka, nilipanda. Mdomo wa kisima ulikuwa umebaki. Nikainama. Ukuta ulikuwa umelowa mpaka fundo la nne. Chini, tope na alama ya ndoo." Akasukuma tope kwa jembe. "Asubuhi sikuinama. Mgongo ulikuwa unauma. Nikaangalia kamba, sikuangalia kisima."

"Nilikuwa nyuma yako. Ningesema."

"Ungesema, ningekutukana mpaka jioni." Maji yalikuwa yanaingia kwenye mstari wa nyanya, akayatazama yanavyokwenda. "Halafu Koko angekuwa hai."

Niliuliza kwa nini hakusema barazani.

"Ulikuwa unaongea vizuri."

Nilianza kulia, akakasirika. "Umekuja nikusamehe? Mimi si mwenye Koko. Shika jembe hilo, maji yanapotea."

Nilishika jembe. Nilimwagilia nyanya mpaka mistari ikaisha, naye akinielekeza kwa ukali, na nilipoaga hakunipa chai.

Alifariki mwaka uliofuata. Nilihudhuria mazishi, nikasimama nyuma. Niliporudi Kitengela niliona sina tena mtu wa kujificha nyuma yake, nikaenda kwa Mama Soila, ambaye sasa anauza maziwa kwenye kibanda kando ya barabara kuu, mbali na kilima. Nilikuwa nimeazimia kumweleza kila kitu: kisima, udongo, siku nyingi za kurudi. Nilianza kwa kusema kwamba nimekuja kwa ajili ya yale maji.

"Ai, hayo maji!" akasema, akipangusa dumu. "Yalitaka kuniua. Nilikuwa silali, Digrii. Najiambia ni mimi nilichota zaidi, ni mimi nilimweka mama hapo. Kama si Mzee ningekuwa wazimu."

Kisha akanieleza. Siku tatu baada ya Koko kuzikwa, kabla ya baraza, Mzee wa Kamba alikuja kwake bila kuitwa, akavua kofia mlangoni, akaomba Biblia ya nyumba, akaweka mkono juu yake, na akamwapia Mama Soila kwamba kisima kile cha udongo mweusi, ukikichota jioni, asubuhi huwa kimejaa.